Nimeamka Salama

Fimbo hata iwe ndefu na ngumu namna gani, kama imetundikwa kwa jirani na nyoka yuko chumbani mwako, hiyo ni kuni tu. Ndiyo maana wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Walimaanisha kwamba msaada ulio mbali, hata ukiwa mkubwa, haumfai mtu saa ile shida inapombana. Wapo wanaousikia msemo huu wakacheka kidogo na kusema kwamba ulitungwa kabla ya simu, na kwamba siku hizi hakuna tena kitu kiitwacho mbali. Mmoja wao alikuwa Bi Nyuzi. Sikilizeni kwanza yaliyomkuta, kisha anayetaka kucheka acheke.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake katika kliniki ya macho alikokuwa mratibu wa miadi, kwa sababu ya programu moja aliyoipenda kama roho yake. Kazi ya programu hiyo ilikuwa kuziunganisha programu nyingine: hili likitokea huku, lile lifanyike kule, bila mtu kunyanyua kidole. Mgonjwa akijiandikisha, jina lake lilikwenda lenyewe kwenye kalenda ya daktari. Miwani ikiwa tayari, mwenyewe alipata ujumbe. Siku ya kupimwa tena ikikaribia, ujumbe mwingine ulimfuata mgonjwa kokote alikokuwa. Kila muunganiko wa namna hiyo Bi Nyuzi aliuita uzi, na kila uzi ulipomaliza kazi yake, alama ndogo ya kijani iliwaka kwenye kompyuta yake.

Zamani mapokezi pale palikuwa kama sokoni. Watu waliitana, mafaili yalipotea, na mhudumu alitafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Sasa palikuwa shwari. Wagonjwa walikaa kwenye viti vya plastiki wakiutazama ubao wa herufi, na Bi Nyuzi alikaa nyuma ya dirisha la kioo akizitazama alama zake. Bosi wake alimsifu mbele za watu mpaka kichwa kikamvimba. Na uhodari ukishamkolea mtu, hauishii kazini. Humfuata nyumbani.

Mama yake Bi Nyuzi alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Aliishi peke yake upande wa pili wa mji, katika nyumba ndogo yenye baraza na geti la bati. Miaka mingi ya kuamrisha watu juu ya masufuria makubwa ilimwachia sauti ambayo hata uzee haukuiweza. Ukimwamkia, "marahaba" yake ilifika barabarani, na wapita njia waligeuka wakidhani wanaitwa. Nyumbani kwake sheria ilikuwa moja tangu watoto wakiwa wadogo: ukiamka, kabla hujanawa uso, umwamkie mama. Bi Nyuzi alipohamia kwake, aliendelea kumwamkia kwa simu kila kulipokucha.

"Nikisikia sauti yako najua umeamka mzima," mama alipenda kusema, "na wewe ukisikia yangu unajua sijafa. Basi kila mtu aende kazini."

Lakini asubuhi, msomaji unajua, ni saa ya vurugu. Chai inamwagika, kiatu kimoja hakionekani, na mama naye akipokea simu haachi mpaka ameeleza goti lake lililalaje na mbuzi wa jirani wamekula nini. Bi Nyuzi akatunga uzi. Kila alfajiri simu yake yenyewe ilimtumia mama ujumbe: "Shikamoo mama. Umeamkaje?" Jibu likiingia, kijani. Lisipoingia, simu ya mama ilipigwa, ikapigwa tena na tena mpaka ajibu. Uzi huo ulipokaa vizuri akatunga wa pili, wa mkate na maziwa, vilivyoletwa na mchukuzi kila asubuhi hadi mlangoni. Mchukuzi alipiga picha ya mzigo, na picha ikajihifadhi bila mtu kuigusa. Wa tatu ulikuwa wa taa ya baraza, ijiwashe jua linapozama. Wa nne ulikuwa wa redio, ijifungue wakati wa taarifa ya habari kisha ijizime, maana mama alipenda habari na alikuwa msahaulifu.

Mara ya mwisho Bi Nyuzi alipokwenda kumtembelea, walikaa barazani mama akichambua mchele kwenye ungo.

"Wewe siku hizi unaniamkia kama kengele ya shule," mama alisema. "Huchelewi hata siku moja. Wewe huumwi?"

"Ni mapenzi, mama."

"Mapenzi gani hayo hayana hata kikohozi? Zamani ulikuwa unaniamkia huku unapiga miayo, nikajua umelala vibaya. Ukiniamkia harakaharaka najua umegombana na mtu. Sasa hivi mimi najua nini?"

"Unajua nipo."

Mama akapeperusha makapi, akacheka kidogo. "Haya, fundi. Ninyi ndio mnaoijua dunia ya leo."

Bi Nyuzi aliondoka akiwa ameridhika. Baada ya hapo ziara zake zilipungua bila mwenyewe kuona. Kila alipofikiria kwenda, aliitazama kompyuta, akakuta kijani, akajiambia kwamba mama hajambo. Baadaye hata majibu ya mama aliacha kuyasoma. Rangi ilimtosha.

Basi alasiri moja, kliniki ikikaribia kufungwa, aliingia mzee mrefu aliyewahi kuwa dereva wa malori. Hakuchukua namba wala hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye dirisha la Bi Nyuzi, akaweka juu ya kaunta simu ndogo yenye kava la maua, simu ya mwanamke.

"Wewe ndiye unayeandika hizi?" aliuliza.

Bi Nyuzi akausoma ujumbe. Ulikuwa wake, ule aliouandika kwa kujivunia: "Mpendwa wetu, siku yako ya kupimwa macho inakaribia. Tuna hamu ya kukuona."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Hii ni simu ya mke wangu. Mnamwita aje apimwe macho. Macho yenyewe niliyafumba mimi, kwa mkono wangu huu, mwaka jana."

Bi Nyuzi aliona haya. "Pole sana, mzee. Pole mno. Tungejulishwa tu, tungeliondoa jina lake."

"Niliwajulisha. Nilijibu hapo hapo kwenye simu, nikaandika kwamba amefariki. Hebu soma mlivyonijibu."

Alisogeza ujumbe kwa kidole gumba chenye kovu. Chini ya neno la msiba palikuwa pameandikwa: "Asante kwa kuthibitisha. Tutaonana siku hiyo."

Bi Nyuzi alilitafuta jina la marehemu kwenye kompyuta. Lilikuwepo. Ubavuni mwake alama za kijani zilishuka mstari mzima, mwezi baada ya mwezi, bila doa. Uzi ulikuwa umeambiwa kwamba jibu lolote likiingia, mgonjwa amethibitisha. Ulichokifanya ndicho ulichofundishwa.

"Kuitupa simu siwezi, naona kama namfukuza," mzee alisema. Alikuwa ameishusha sauti. "Lakini ikilia nashtuka, mama. Nikisoma hilo jibu lenu najiuliza, ni nani huko amekubali kwamba atakuja?"

Bi Nyuzi aliukata uzi ule mbele ya macho yake, akamwomba radhi, akamsindikiza hadi mlangoni. Alirudi kitini. Mhudumu mwenzake alikuwa akifuta ubao wa herufi na kuimba kwa pua, na jua la alasiri liliingia vizuri tu dirishani, lakini yeye aliona kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma ya kiti chake. Wazo moja lilikuwa limemganda. Kijani hakikuwa kimemwambia kwamba yule mwanamke yu hai. Kilimwambia tu kwamba kitu kimekwenda na kitu kimerudi.

Akaufungua uzi wa mama.

Asubuhi ile mama alikuwa amejibu: "Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Mungu akulinde." Bi Nyuzi akashusha pumzi. Kisha akapandisha juu kidogo, kwenye jibu la jana. "Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Mungu akulinde." La juzi lilikuwa hivyo hivyo. Akapandisha na kupandisha, na maneno yalikuwa yale yale, nukta mahali pale pale, kila moja limefika kufumba na kufumbua baada ya salamu yake. Na huyu alikuwa mama ambaye hakuwahi kuandika ujumbe bila kulalamikia goti. Alikuwa mama asiyejua nukta inabonyezwa wapi.

Akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Mama, umekula nini leo?"

Hajakiondoa kidole kwenye kioo, jibu likaingia. "Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Mungu akulinde."

Nje jua lilikuwa linaelekea kuzama. Bi Nyuzi akaandika tena: "Mama, unaumwa?"

"Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Mungu akulinde."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, na safari hii alikuwa amesimama bila kujua alisimama lini. Ndipo alipozikumbuka picha za mchukuzi, ambazo hakuwahi kuzifungua hata moja, kwa kuwa uzi ulizihifadhi vizuri na hakuona haja. Akazifungua. Ya juzi ilionyesha mkate na pakiti ya maziwa mbele ya mlango wa bluu wa mama, kama inavyotakiwa. Ya jana ilionyesha mikate miwili. Ile ya asubuhi hiyo ilionyesha mitatu, ya zamani imesukumwa kando kwa adabu ili mpya upate nafasi, na pakiti moja ya maziwa ilikuwa imefura. Pembeni ya kila picha palikuwa na alama ya kijani.

Akampigia mdogo wake wa kiume. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho, kwa hiyo nyumbani walimwita Kitinda hata baada ya kuota kipara. Aliuza vipuri vya magari katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Kitinda, mama ana nini? Ananijibu vitu vya ajabu."

Kitinda alicheka, cheko la mtu aliyefumaniwa. "Dada, usinigombeze. Si yeye anayejibu. Nilipokwenda kumwona alinilalamikia kwamba asipokuandikia haraka simu inamlilia kama imechanganyikiwa. Na macho hayaoni herufi. Nikamwekea simu ijijibu yenyewe kila ukimwandikia. Tena nikaifanya imsomee kwa sauti, ya kwako na ya kwake, ili ajue mmeongea nini."

"Macho? Mama macho yana nini?"

"Hujui? Si wewe uko kliniki ya macho?"

Kwenye simu zilisikika nyundo za gereji, mtu akigonga chuma kwa mbali.

"Wewe ulimsikia sauti lini mara ya mwisho?" Bi Nyuzi aliuliza.

"Mimi? Mimi nilijua wewe unaongea naye kila asubuhi. Aliniambia unamwamkia, hukosi. Kwa nini mimi nimsumbue?" Kitinda alipoendelea, cheko lilikuwa limekwisha. "Dada. Huwa unaongea naye, si ndiyo?"

"Ni simu yangu," Bi Nyuzi alisema. "Si mimi. Ni simu yangu ndiyo inayomwamkia."

Hivyo ndivyo watoto wawili wa tumbo moja walivyoigawana salamu ya mama yao bila kujuana. Mmoja aliiachia mashine kuamkia, mwingine akaiachia mashine kuitikia, na kila mmoja alilala usingizi mnono akijua mwenzake yupo. Simu mbili zilikuwa zikisalimiana kila alfajiri, zimeridhika kabisa.

Bi Nyuzi alitoka bila kuaga. Alichukua teksi, akaketi mbele, akawa anamhimiza dereva kwenye kila taa ya barabarani. Walipofika kwenye geti la bati giza lilikuwa linaanza kuingia. Alikuwa bado ameshika komeo la geti taa ya baraza ilipojiwasha. Moyo ukamruka kwa furaha. Ndani redio nayo ikafunguka, na sauti nzito ya mtangazaji ikasema, "Habari za jioni, popote ulipo." Kwa nukta moja tu Bi Nyuzi aliamini kwamba mama yuko jikoni, ameinua mkono kubonyeza swichi, na kwamba atamcheka kwa hofu yake. Kisha akakumbuka ni nani aliyeitunga taa ile na redio ile.

Sisimizi walikuwa wametengeneza njia kutoka kwenye mikate mpaka chini ya ngazi.

"Hodi, mama," aliita. "Mama, hodi."

Mtangazaji aliendelea na habari zake.

Jirani, fundi seremala mwenye vumbi la mbao kichwani, alichungulia juu ya ukuta. "Afadhali umekuja, dada. Bibi amenikasirikia. Nilibisha jana nimweleze kwamba stuli yake bado kidogo, nikasikia redio inazimwa palepale. Nikasema haya, huyu hataki kuniona. Nikamwacha hasira zipoe."

"Umemwona kwa macho?"

Seremala alifikiri. "Kwa macho, hapana. Lakini taa inawaka, redio inaongea. Nyumba ina mtu."

Bi Nyuzi alitoa simu mkobani. Hakujua kwa nini alifanya vile, labda kwa sababu mazoea yana taabu. Aliandika: "Mama, nipo mlangoni." Akautuma.

Redio ilikuwa imefika kwenye hali ya hewa. Chini ya sauti ya mtangazaji, kutoka chumba cha kulala, wakasikia sauti nyingine. Ilikuwa ya mwanamke, laini, isiyo ya kijana wala ya mzee, isiyo na haraka. Ilisema, "Mama. Nipo mlangoni." Ikapumzika. Kisha sauti hiyo hiyo ikajijibu, "Marahaba mwanangu. Nimeamka salama. Mungu akulinde."

Seremala akatabasamu. "Si huyo anaongea?"

"Huyo si mama," Bi Nyuzi alisema. "Vunja mlango."

Kitu katika uso wake kilimfanya seremala asiulize mara mbili. Aliruka ukuta na patasi yake, akaking'oa kitasa. Harufu iliyowapokea ilikuwa ya mkojo na ya maji yaliyokauka kwenye zulia. Walimkuta katikati ya kitanda na kabati, amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande usiotakiwa. Alikuwa amekivuta kitambaa cha meza, jagi la maji likamwangukia, na kile kitambaa kilicholowa alikuwa amekinyonya mpaka kikakauka. Kipande chake bado kilikuwa mdomoni. Simu ilikuwa juu ya kabati, imechomekwa kwenye umeme, imejaa chaji.

Alikuwa hai. Seremala akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Bi Nyuzi alipiga magoti, akamwinua kichwa, akamlowesha midomo kwa kidole. Alikuwa analia bila kujificha, kamasi na machozi pamoja, kama mtoto.

"Mama. Mama yangu. Ni mimi."

Mama alifumbua macho. Ile sauti iliyokuwa ikitikisa bweni zima ilikuwa imebaki upepo tu, ikabidi Bi Nyuzi atege sikio.

"Nilikuwa nakusikia," mama alisema. "Kila kukicha nilikuwa nakusikia unaniamkia. Nikakupigia kelele. Nikakwambia nimeanguka, mwanangu, njoo. Halafu nikajisikia nakujibu kwamba nimeamka salama."

"Mama, usiseme. Gari la wagonjwa linakuja."

"Nikakukataza, nikasema si kweli. Hukusikia. Ulimsikia yule." Macho yake yalipanda taratibu kuelekea juu ya kabati. "Mwishowe nikasema, kama mimi niko salama huko juu, basi huyu aliyelala hapa chini ni nani?"

Seremala alisimama mlangoni na patasi yake, akatazama pembeni. Redio ikawatakia wasikilizaji jioni njema, ikajizima yenyewe.

Hospitalini walimtia chuma nyongani. Daktari wa mifupa, mwanamke mpole asiyependa kuficha mambo, alimweleza Bi Nyuzi kwamba mama atapona, ila hatatembea tena. Angeletwa siku ile ile aliyoanguka, pengine mambo yangekuwa mengine. Bi Nyuzi aliitikia kwa kichwa. Kitinda alifika kwa basi akiwa na shati la gereji, wakakumbatiana kwenye korido, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wangeanzia wapi?

Mama alihamia kwa Bi Nyuzi. Nyuzi zote za salamu, maziwa, taa na redio zilikatwa, na kwenye ile simu Kitinda alifuta kila alichokiweka, kisha akaizima. Walitaka kuitupa, lakini mama hakukubali. Alitaka iwe mezani, karibu na kichwa chake, na kila walipoiondoa alihangaika kuitafuta mpaka wakairudisha. Taratibu nguvu zilimrudia. Alianza kugombeza chumvi ya mchuzi, akauliza habari za mbuzi wa jirani, akamcheka Kitinda kwa kipara chake. Sauti yake nayo ilirudi, karibu yote. Waliomtembelea walitoka wakisema bibi huyu ana roho ya paka, yu mzima kama zamani.

Bi Nyuzi peke yake ndiye aliyejua kwamba si kama zamani. Aliomba likizo ndefu kazini, na kila kulipokucha, kabla hajanawa uso, aliingia chumbani kwa mama akiwa na usingizi machoni. Hakutuma kitu. Alikuja mwenyewe, akapiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono uliopika chakula cha watoto wa watu wengine miaka yote.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

Mama alikuwa macho. Alimsikia, hilo halikuwa na shaka, maana uso wake ulilainika. Lakini hakuitika. Aligeuza shingo polepole, akaitazama simu iliyozimwa pale mezani, akakaa akiisubiri.

"Mama, imezimwa hiyo. Ni mimi, nipo hapa. Niitikie wewe mwenyewe."

Mama aliutoa mkono wake katika mikono ya mwanawe, akaweka kidole midomoni, kama tunavyomnyamazisha mtoto watu wakubwa wanapoongea.

"Subiri," alinong'ona. "Ataitikia."

Bi Nyuzi alibaki pale pale magotini mpaka mwanga wa asubuhi ukajaa chumbani, akiingojea marahaba iliyokuwa ikifika barabarani. Haikuja siku ile, wala siku yoyote baada ya ile. Kila mtu aliyemuuliza, alimwambia bila kuficha: alikuwa na fimbo nyingi, zote nzuri, zote za mbali, na fimbo ya mbali haiui nyoka.